Den Haag, Haarlem au Middelburg: ulale wapi ukitaka kuiona pwani ya Uholanzi

Viza ya Schengen ikishagongwa kwenye pasipoti na tiketi ya kwenda Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, ikishalipwa, linabaki swali la mahali pa kulala. Wengi hujibu Amsterdam bila kufikiri mara mbili. Hushinda siku zao kwenye msongamano wa watalii kando ya mifereji, wakarudi nyumbani bila kujua kwamba nusu saa kwa treni kutoka walipolala kulikuwa na Bahari ya Kaskazini, na kilomita baada ya kilomita za mchanga mweupe.

Nalinganisha hapa miji mitatu inayofaa kuwa kituo cha mtu anayetaka mji na bahari kwa safari moja. Den Haag ina ufuko wake wa Scheveningen ndani ya mji. Haarlem ina Zandvoort na vilima vya mchanga nyuma yake. Middelburg iko kusini kabisa, katika jimbo la Zeeland, katikati ya Walcheren, iliyokuwa kisiwa na sasa imeungana na bara.

Kwanza tuelewane kuhusu maji. Mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja asiende huko akitafuta mahali pa kuogelea. Hata Agosti, maji yakiwa yamepata joto lao lote, huzunguka nyuzi 18 hadi 20. Mei utaingiza vidole vya miguu na kuvitoa. Rangi ni ya kijivu kuelekea kijani, na upepo haukupi likizo. Ukipima fukwe hizi kwa kipimo cha Nungwi au Diani, zote tatu zitaanguka mtihani. Uzuri wake uko kwingine, na kila mji una wake.

Bahari kwa bahari

Scheveningen ni bahari ya mjini. Unapanda tramu katikati ya Den Haag, na baada ya robo saa au dakika ishirini unashuka karibu na Kurhaus, hoteli kubwa yenye kuba iliyofunguliwa 1885, ikaungua mwaka uliofuata na kujengwa upya haraka. Mbele yake pana gati refu lililoingia baharini, lenye maduka, vibanda vya chakula na gurudumu kubwa la kupanda. Kando ya maji hujipanga mikahawa ya mbao ambayo mingi husimamishwa majira ya kuchipua na kubomolewa majira ya baridi yakikaribia. Siku ya jua mwezi wa Julai, mji mzima uko pale. Kuna kelele, harufu ya viazi vya kukaanga, watoto waliopotea wakitangazwa kwenye vipaza sauti. Mimi napenda vurugu hiyo. Asiyeipenda apande basi mpaka Kijkduin, upande wa kusini wa mji huohuo, ambako ufuko ni mpana zaidi na watu ni wachache. Jirani na hapo serikali ilimwaga mwaka 2011 zaidi ya mita za ujazo milioni 21 za mchanga mahali pamoja, ili mawimbi na upepo viusambaze polepole na kuinenepesha pwani. Wanaiita Zandmotor. Utaona jangwa dogo lililotengenezwa na binadamu, na juu yake vijana wanaoteleza majini wakivutwa na vishada, mchezo uleule wa Paje, ila hawa wamevaa mpira mzito mwili mzima.

Zandvoort ina sifa moja inayoshinda zote: treni. Kutoka Haarlem ni kama dakika kumi, na kituo cha mwisho kiko hatua chache tu kutoka mchangani. Lakini mji wenyewe, niseme ukweli, hauna sura. Maghorofa ya baada ya vita yamejipanga kama kabati zilizosahauliwa nje, na pembeni kuna uwanja wa mbio za magari uliofunguliwa 1948. Formula 1 ilirudi hapo 2021, na mashindano ya 2026 ndiyo yaliyotangazwa kuwa ya mwisho. Usilale eneo hilo wikiendi ya mbio kama hukuja kwa ajili ya mbio. Ukitembea kuelekea kaskazini unafika Bloemendaal aan Zee, ambako mikahawa ya ufukweni inageuka kuwa madisko kadiri jua linavyoshuka.

Hazina ya upande wa Haarlem iko nyuma ya ufuko. Vilima vya mchanga vya Zuid-Kennemerland vina misonobari, vidimbwi vya maji, na tangu 2007 vina nyati wa Ulaya waliorudishwa katika sehemu iitwayo Kraansvlak. Mtu wa Mikumi au Maasai Mara atatabasamu akiwaona wachache wale nyuma ya uzio, na ana haki. Lakini kusini ya Zandvoort ziko Amsterdamse Waterleidingduinen, ambako maji ya kunywa ya Amsterdam yamekuwa yakichukuliwa tangu 1853, na huko tabasamu litakwisha. Makundi ya kulungu wenye madoa hutembea mita chache kutoka kwako, bila gari wala mwongozaji. Unaruhusiwa kuacha njia na kupita popote, jambo adimu katika nchi ambayo kila kipande cha ardhi kimepangiwa kazi. Baiskeli na mbwa hawaingii, na kiingilio ni kidogo tu.

Ukifika Walcheren bahari inabadilika tabia. Vlissingen, dakika chache kutoka Middelburg, ina njia ya kutembelea kando ya maji ambako meli kubwa za kwenda na kutoka bandari ya Antwerp hupita karibu mno na nyumba. Unasoma jina la meli bila darubini. Hapo ndipo marubani wa bandari hupanda na kushuka kwa boti ndogo. Aliyekulia jirani na kivuko cha Likoni au Kigamboni anaweza kukaa kwenye benchi hilo nusu siku asichoke. Domburg, upande wa kaskazini-magharibi, ni kijiji cha likizo chenye safu za nguzo za mbao zilizopigwa mchangani hadi ndani ya maji ili kupunguza nguvu ya mawimbi. Piet Mondrian na Jan Toorop walikuja hapo kuchora kwa sababu ya mwanga wake.

Kati ya Vlissingen na Domburg kuna Westkapelle, na mimi nikiambiwa nichague mahali pamoja pa kumpeleka mgeni katika pwani yote hii, ni pale. Hakuna vilima vya mchanga. Kijiji kinalindwa na boma lililojengwa kwa mikono ya watu. Oktoba 1944 ndege za Waingereza zililipua boma hilo kwa makusudi ili maji yawafurushe Wajerumani waliokuwa wameshika kisiwa. Zaidi ya wakazi 150 wa kijiji walikufa, na bahari ikaingia Walcheren na kubaki humo kwa muda wa mwaka hivi. Kifaru cha Sherman kimesimamishwa juu ya boma kama kumbukumbu. Ukisimama pale ukageuka, unaona jambo ambalo vitabu vya jiografia hueleza vibaya: bahari iko juu kushoto, paa za nyumba ziko chini kulia.

Ukiwa na gari, endelea kama nusu saa hadi Oosterscheldekering. Usiku wa kuamkia 1 Februari 1953 dhoruba ilivunja maboma ya kusini-magharibi, na watu 1,836 wakafa Uholanzi. Baada ya hapo iliamuliwa kuziba midomo ya bahari. Mlango wa Oosterschelde nao ulikuwa uzibwe moja kwa moja, lakini wavuvi wa kome na chaza pamoja na watetezi wa mazingira walipinga, kwa kuwa maji ya chumvi yakikatwa, riziki inakatwa. Ndiyo maana kilichojengwa ni ukuta wa kilomita 9 wenye milango 62 ya chuma ambayo hukaa wazi siku zote na kushushwa tu maji yanapotishia. Malkia Beatrix aliufungua 1986. Unaweza kuingia ndani yake kwenye kisiwa cha kutengenezwa cha Neeltje Jans, ukasikia maji yakipita chini ya miguu yako. Kome wanaotoka Yerseke, mji wa wavuvi wa huko, unaweza kuwala jioni hiyohiyo, wamechemshwa ndani ya sufuria nyeusi na vitunguu na figili. Wengi huwatia divai, kwa hiyo asiyeitumia aulize kwanza.

Mji uliopo nyuma ya ufuko

Hapa Den Haag inaziacha nyingine mbali. Si mji mkuu, lakini bunge, mfalme na balozi viko hapo. Binnenhof, ua wa kale wa serikali, umekuwa kwenye ukarabati tangu 2021, basi usijipange kwa ajili ya kuingia humo. Litazame bwawa lake na uende mlango wa pili, Mauritshuis, jumba la michoro. Jumba ni dogo kiasi kwamba hutachoka, na ndani yake yumo yule msichana wa Vermeer mwenye hereni ya lulu, pamoja na somo la kupasua maiti la Daktari Tulp lililochorwa na Rembrandt 1632. Jua pia kwamba jumba linabeba jina la Johan Maurits, gavana wa Waholanzi nchini Brazil katika karne ya 17, ambaye alihusika na biashara ya watumwa. Panorama Mesdag iko mtaa si mbali: mchoro mmoja wa mviringo wa 1881, wenye mzunguko wa mita 120 hivi, unaoonyesha Scheveningen wakati mashua za wavuvi zilikuwa bado zinavutwa mchangani. Uone kabla ya kwenda ufukweni, si baada.

Kwa Mwafrika wa Mashariki kuna sababu nyingine. Jina la Hague lilikuwa midomoni mwa kila mtu Kenya kuanzia 2011, wakati Uhuru Kenyatta, William Ruto na wenzao walipofikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Jengo lililoonekana runingani enzi hizo silo la leo: mahakama ilihamia majengo mapya karibu na vilima vya mchanga, upande wa Scheveningen, mwishoni mwa 2015. Kesi zinazosikilizwa hadharani huwa na eneo la watazamaji. Nenda na pasipoti na uangalie ratiba kwanza. Usiichanganye na Jumba la Amani, lililofunguliwa 1913 kwa fedha za Andrew Carnegie. Humo ndimo ilimo Mahakama ya Haki ya Kimataifa, inayoamua migogoro baina ya nchi, na ndiyo iliyochora upya mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya Oktoba 2021. Kituo cha wageni kiko langoni.

Tumbo nalo lina kauli yake. Den Haag ina jamii kubwa ya watu wa asili ya Suriname, wengi wao wazee wao walitoka India, na roti yao na mchuzi wa kuku na maharagwe marefu utaitambua kabla hujaonja. Haagse Markt, soko la wazi ambalo ni miongoni mwa makubwa ya Ulaya, hufunguliwa Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Bamia, ndizi za kupika, muhogo, pilipili kali: vyote vipo. Nyama ya halali inauzwa mitaa yote ya jirani. Kuna hata msikiti, Aksa, uliomo ndani ya jengo lililokuwa sinagogi, Wagenstraat, karibu na mtaa wa Wachina.

Haarlem ni mji mzuri zaidi kwa macho. Kwa kutembea tu bila mpango, nauweka mbele ya Den Haag. Kanisa la Bavo kwenye uwanja mkuu lina kinanda kilichokamilika 1738. Mozart alikipiga akiwa mtoto wa miaka kumi. Kuna Teylers, jumba la makumbusho lililo wazi tangu 1784 na la kale kuliko yote nchini, ambako mifupa ya wanyama wa kale na mashine za umeme bado zimo kwenye makabati yaleyale ya mbao. Kuna nyumba ya akina Ten Boom juu ya duka la saa, waliowaficha Wayahudi wakati wa uvamizi wa Wajerumani. Tembelea kwa kuweka nafasi mapema. Baada ya hapo, siku moja na nusu imekutosha.

Middelburg ni ndogo, na saa kumi na mbili jioni nje ya kiangazi barabara zinabaki na paka. Katikati yake iliharibiwa Mei 1940 na kujengwa upya kwa sura ya zamani. Panda mnara wa Lange Jan, mita 90 na kidogo, utaona Walcheren yote imelala kama sinia. Lakini kuna jambo moja hapa linalostahili muda zaidi kuliko mnara. Utajiri wa majumba haya ulitoka baharini, na sehemu yake ilitoka kwenye kuuza watu. Kampuni ya biashara ya Middelburg, iliyoanzishwa 1720, ilipeleka meli zaidi ya mara 100 pwani ya Afrika Magharibi na kuvusha watu hadi Amerika. Makaratasi yake yamehifadhiwa karibu yote katika hifadhi ya nyaraka ya Zeeland, na UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia 2011. Nje, karibu na abasia ya kale, kuna mnara wa kumbukumbu ya watumwa wa 2005. Aliyewahi kushuka vyumba vya Mkunazini, Unguja, hapa ataona upande mwingine wa jambo hilo: daftari safi, hesabu zilizojumlishwa vizuri.

Kufika na kuzunguka

Schiphol hadi Den Haag ni kama nusu saa kwa treni ya moja kwa moja. Hadi Haarlem muda haupishani sana, ila kwa treni utabadilisha njiani. Basi namba 300 ni rahisi zaidi ukiwa na masanduku. Middelburg ni safari: saa mbili na nusu hivi kutoka Amsterdam, kwa hiyo ukishuka kwenye ndege ya usiku kutoka Nairobi au Dar, usiifanye siku hiyohiyo na watoto.

Kadi ya benki isiyohitaji kuingizwa kwenye mashine inatosha kwa treni, tramu na mabasi yote. Igusishe unapopanda na unaposhuka, kadi ileile. Ukisahau wakati wa kushuka utakatwa zaidi ya nauli. Kila abiria na kadi yake.

Tofauti kubwa ni hii: Walcheren ni nchi ya baiskeli. Middelburg hadi Vlissingen au Veere ni kilomita kama 7 kila upande, Domburg ni kama mara mbili ya hapo, na njia zina vibao vya namba ambavyo unavifuata tu. Mabasi yapo, lakini vijijini hupita kwa nadra, hasa Jumapili. Mama au bibi asiyependa baiskeli, au anayechoka haraka, atafungwa hotelini Middelburg kama hakuna gari. Den Haag tramu zitampeleka hadi mchangani, na tramu namba 1 hiyohiyo itampeleka Delft bila kubadilisha.

Majira na mfuko

Katikati ya Machi hadi katikati ya Mei ni msimu wa tulipu, na mashamba yako kati ya Haarlem na Leiden, pamoja na bustani ya Keukenhof. Ukiwa umekuja kwa maua, lala Haarlem na ukubali bei. Haarlem hubeba pia wageni waliokosa vyumba Amsterdam, ndiyo maana si rahisi kupata nafuu mwaka mzima.

Julai na Agosti ni zamu ya Zeeland, na Wajerumani pamoja na Wabelgiji wanalijua hilo kabla yako. Nyumba za Domburg huwekwa nafasi miezi mingi mbele. Middelburg au Vlissingen zina nafuu. Juni ni bora: baridi kidogo, lakini jua huzama kama saa nne usiku, na samaki wa heringi wapya ndio kwanza wamefika. Huliwa bila kupikwa, wametiwa chumvi kidogo na vitunguu juu. Ukishindwa, agiza kibbeling, vipande vya samaki wa kukaanga; hakuna atakayekucheka. Wanaoswali wajue kwamba Juni Magharibi huingia usiku kwelikweli na Isha hukaribia saa sita.

Novemba hadi Februari jibu ni Den Haag tu. Mikahawa ya Zandvoort mingi imeondolewa na Walcheren unapigwa na upepo wa kukata masikio, lakini Mauritshuis ina joto.

Basi wewe uende wapi

Safari ya kwanza, siku tatu au nne, na wazazi au watoto: Den Haag, bila mjadala. Una ndugu Amsterdam na unataka kulala mbali kidogo na zogo lake, au umekuja kwa tulipu: Haarlem. Uholanzi umeshaiona, una siku tano au zaidi, unaendesha baiskeli au una leseni: Middelburg, na hiyo ndiyo ningeichagua mimi kwa fedha zangu.

Asiyeweza kuamua alale Den Haag. Haarlem ni dakika arobaini hivi kwa treni, unakwenda na kurudi siku moja na bado unawahi roti ya jioni. Middelburg usijaribu hivyo. Utatumia saa tatu au zaidi ndani ya treni kwenda na kurudi, na Westkapelle, ambako treni haifiki, hutaiona.